Bustani za Mboga za Kaloleni

Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi na kushika Barabara ya Jogoo kuelekea mashariki, hutakwenda mwendo mrefu kabla ya kuufikia uwanja wa mpira uitwao City Stadium. Jirani na uwanja huo ndipo ulipo mtaa wa Kaloleni. Nyumba zake ni za mawe, nyingi hazina ghorofa, na mapaa yake ni ya vigae. Zilipangwa kuzunguka viwanja vya majani, na katikati ya mtaa umesimama ukumbi mkubwa wa mikutano. Wanahistoria wameandika mengi juu ya ukumbi huo. Ndimo mlimofanyika, mwezi wa Aprili 1950, mkutano wa pamoja wa chama cha Kenya African Union na chama cha Wahindi wa Afrika ya Mashariki, ambamo Makhan Singh alisimama akadai uhuru kamili. Haukupita mwezi mmoja akakamatwa, wala hakuachiliwa mpaka mwaka 1961. Mambo hayo utayasoma penginepo. Mimi nataka tutoke ukumbini, tuzunguke nyuma ya nyumba, tuyatazame matuta ya mboga.

Labda utaniuliza: mchicha una historia gani? Nakuomba uvumilie kidogo. Mtu aliyelima mboga Kaloleni alikuwa na misimu mifupi ya namna mbili. Mmoja ulitoka mbinguni, kwa kuwa mvua ya Nairobi mashariki haikawii kukatika. Wa pili ulitoka kwa wakubwa wa mji, kwa kuwa sheria na amri ziliweza kuling'oa tuta lake wakati wowote. Namna alivyochagua mbegu, alivyouandaa udongo, na alivyoharakisha mavuno, ilikuwa jawabu kwa misimu hiyo yote miwili. Hayo ndiyo nitakayojaribu kukuonyesha.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Nairobi iko juu ya bahari yapata mita 1,650, karibu na ikweta. Mwanafunzi aliyesoma jiografia kidogo angedhani kwamba mahali kama hapo mtu hulima mwaka mzima, maana jalidi haianguki mjini kama iangukavyo Ulaya. Katika nchi za kaskazini baridi ndiyo ifungayo mlango wa bustani, na mkulima wa Norwe huhesabu siku baina ya jalidi ya mwisho na jalidi ya kwanza. Huku kwetu mlango hufungwa na ukame. Mvua ya masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Mvua ya vuli huanza Oktoba, na mwezi wa Desemba huwa imekwisha. Katikati kuna Juni, Julai na Agosti, miezi ya mawingu mazito na ubaridi, ambayo humdanganya mgeni. Anapoamka asubuhi akaona mbingu imefunga, hudhani kwamba mvua yaja, kumbe hakuna ila manyunyu yasiyolowesha hata mavumbi. Januari na Februari jua huwa kali, na upepo wa tambarare hukausha kila kitu.

Wakikuyu, ambao wamelima miinuko ya kaskazini na magharibi ya Nairobi tangu kabla ya mji kuwapo, huzipa mvua hizo majina ya vyakula. Mvua ndefu ni ya njahi, yaani fiwi. Mvua fupi ni ya mwere, yaani mawele. Majina hayo yastahili kufikiriwa. Mtu aliyeyatunga alikuwa amekwisha kupima urefu wa kila mvua na kujua ni zao gani litakalowahi kukomaa ndani yake. Mvua ya vuli kwa kawaida haifiki siku tisini za kutegemewa, na mara nyingine huchelewa mpaka Novemba. Zao linalotaka miezi minne ya maji litasimama nusu njia likiwa limenyauka.

Tena kuna udongo. Nairobi ina udongo wa aina mbili, na mpaka baina yao umekuwa mpaka wa historia pia. Upande wa magharibi na kaskazini ni udongo mwekundu, mwepesi, unaopitisha maji vizuri. Upande wa mashariki, katika tambarare inayoshuka kuelekea Embakasi na Athi, ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Umetokana na miamba ya volkano iliyooza mahali ambapo maji hayana njia ya kutokea. Chembe zake hunywa maji zikavimba, na jua likiziwakia hunywea. Kwa sababu hiyo, wakati wa kiangazi ardhi hupasuka nyufa ambamo mtoto aweza kuutia mkono wake. Na wakati wa masika hunata kwenye jembe, kwenye viatu, na kwenye magurudumu, hata kazi yote ikasimama. Si udongo maskini. Una rutuba nyingi, bali huitoa kwa masharti, na sharti la kwanza ni kwamba uuchimbe siku zile chache ambapo haujakauka ukawa jiwe, wala haujalowa ukawa gundi.

Reli ilipofika Nairobi, Mei 30, 1899, mahali pale palichaguliwa kuwa kituo kwa kuwa ni tambarare kabla ya kuupanda mlima. Mji ulipokua, Wazungu walijenga makao yao katika udongo mwekundu, penye miti na miteremko. Waafrika waliwekwa mashariki: Pumwani, Kariokor, Shauri Moyo, Ziwani, na mitaa ya Reli ya Muthurwa na Makongeni. Sitaki kusema kwamba waliopanga mji walipima udongo kwanza ndipo wakaamua nani akae wapi. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba yule aliyehitaji kulima ili ale ndiye aliyepewa ardhi isiyolimika kwa urahisi, na yule aliyenunua mboga zake sokoni ndiye aliyepata udongo mzuri wa waridi.

Hata hivyo, katika siku hizo haikudhaniwa kwamba Mwafrika angelima mjini. Alihesabiwa kuwa mgeni, mtu wa kupita. Mshahara wake ulikadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na jamaa, na mahali pake pa kulala palikuwa kitanda tu katika chumba cha watu wengi. Mke wake, watoto wake na shamba lake vilitazamiwa kubaki kijijini. Fikira hiyo ndiyo mzizi wa mambo mengi tutakayoyaona, maana sheria haiwezi kumpa bustani mtu ambaye imekwisha kuamua kwamba hakai.

Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyoitikisa fikira hiyo. Nairobi ilijaa watu, na nyumba hazikutosha. Mwaka 1943 mvua ilikosekana na chakula kikapungua katika Kenya nzima, hata serikali ikaunda tume ya kuchunguza upungufu huo. Ni katika mwaka huo huo ujenzi wa Kaloleni ulipoanza, ukaendelea mpaka mwaka 1948. Wazee wa mtaa husimulia kwamba mateka wa vita wa Kiitaliano ndio waliochonga mawe yake. Tofauti na mitaa iliyotangulia, nyumba hizi zilikusudiwa jamaa: mume, mke, na watoto wao. Hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko mawe na vigae.

Ramani ya mtaa ilifuata wazo lililotoka Uingereza. Mwaka 1898 Mwingereza mmoja, Ebenezer Howard, aliandika kitabu akishauri kujengwa miji midogo yenye nafasi, ambayo ingechanganya faida za mji na za shamba, na mwaka 1903 ujenzi wa mji wa kwanza wa namna hiyo, Letchworth, ukaanza. Waliiita miji ya bustani. Katika Letchworth mfanyakazi alipewa kiwanja cha kutosha kulima viazi na kabeji zake, na jambo hilo lilihesabiwa kuwa heshima kwake. Wazo lilipovuka bahari likafika Kaloleni, umbo lilifika salama: nyumba zikazunguka viwanja, njia zikapinda vizuri, miti ikapandwa. Lakini bustani iliyofika ilikuwa ya kutazamwa. Ilikuwa majani na ua. Ya kuliwa ilibaki Letchworth.

Yafaa tuone jinsi jambo hili lilivyokuwa la ajabu kwa wakati wake. Tangu mwaka 1939 serikali ya Uingereza ilikuwa ikiwahimiza raia wake wachimbe kila kipande cha ardhi wapande mboga, ili meli zisibebe chakula bali silaha. Hata katika Hyde Park, katikati ya London, mboga zililimwa. Huku Kenya, wakulima wa nchi ya Nyeri walikuwa wakilima mboga kwa ajili ya kiwanda cha Karatina, ambamo zilikaushwa kuwa chakula cha majeshi. Vita vilipokwisha kiwanda kilifungwa, ijapokuwa wakulima walitaka kiendelee. Basi mkono wa Mwafrika ulijulikana vizuri sana kuwa mkono wa kulima mboga. Ila mjini, nyuma ya nyumba aliyoilipia kodi, kulima kulitazamwa kama tabia ya kijijini iliyopotea njia.

Sababu zilizotolewa zilikuwa mbalimbali. Ilisemwa kwamba mashamba ya mjini yaliuchafua mji, na kwamba mahindi marefu yaliwaficha wezi. Iliyorudiwa zaidi ilikuwa ile ya mbu: kwamba maji ya mvua hukaa katika makwapa ya majani ya mahindi, na mbu wa malaria huzaa humo. Wataalamu waliochunguza habari hiyo hawakuona kwamba ni kweli, maana mbu huyo hupendelea madimbwi yaliyo wazi na yenye jua, na katika udongo mweusi wa Nairobi mashariki madimbwi hayo hayakuhitaji mahindi ili yawepo. Lakini hoja ya mbu iliishi miaka mingi baada ya kukanushwa, kwa kuwa ilimfaa askari aliyetumwa na panga kufyeka shamba la mtu. Sheria ndogo za Jiji za mwaka 1961 ziliendelea kukataza kulima katika njia za umma.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana ndiyo yenye akili nyingi.

Mkulima wa Kaloleni hangoji mvua ndipo aanze. Mbegu za sukuma wiki husiwa katika kitalu kidogo majuma manne hadi sita kabla ya mvua kutazamiwa, mahali penye kivuli kidogo na karibu na mfereji, ili kimwagiliwe kwa kopo. Hivyo mvua ya kwanza ikianguka, miche iko tayari kuatikwa, na mwezi mzima wa msimu umekwisha kuokolewa. Kazi hii ni sawa na ile wafanyayo watu wa nchi za baridi wanapootesha miche yao ndani ya nyumba wakati theluji ingali nje. Kila mmoja ameigundua kwa shida yake.

Udongo nao huandaliwa kabla. Mtu akiuchimba mweusi ule mtupu na kupanda, mvua kubwa ya Aprili itaujaza maji mpaka mizizi ikose hewa na mboga zigeuke manjano. Kwa hiyo huchimbwa kwa kina cha jembe mara mbili, ukachanganywa na samadi ya mbuzi au kuku, maganda ya jikoni yaliyooza, na majani makavu. Vitu hivyo huzitenganisha chembe za mfinyanzi zisishikamane tena kwa nguvu zile. Si kazi ya mwaka mmoja. Tuta lililolishwa hivyo miaka mitano au sita huonekana tofauti kabisa na ardhi iliyo hatua moja kando yake: ukiushika udongo wake huvunjika kama keki, na nyufa za kiangazi hazilifikii. Nilipowapeleka wanafunzi wangu kutembelea mtaa, mmoja wao alimwuliza mama aliyekuwa akipalilia, "Mama, udongo huu mliununua?" Yule mama akacheka sana, akamjibu, "Mwanangu, huu tumeupika."

Umbo la tuta hubadilika kwa msimu. Katika masika huinuliwa juu, mifereji midogo ikikatwa kandokando ili maji ya ziada yatoke. Katika vuli, mvua ikiwa haba, mboga huwekwa katika kitanda kilichozama kidogo chini ya usawa wa ardhi, ili kila tone lishuke kwenye mizizi. Upana hauzidi mita moja na kidogo, kwa kuwa mpaliliaji lazima aufikie katikati bila kuukanyaga. Udongo mweusi ukikanyagwa ungali na maji hushikamana ukawa kama tofali, na kazi ya miaka huharibika kwa asubuhi moja. Baada ya kuatika, juu ya tuta hutandazwa majani yaliyofyekwa, ambayo huzuia jua lisinywe unyevu. Napenda kufikiri kwamba hapo, kwa njia ya mzunguko, viwanja vile vya kutazamwa navyo viliingia katika kazi ya chakula.

Juu ya maji sina haja ya kusema mengi. Kila mwenye bustani katika Nairobi mashariki ajua kwamba maji yaliyoosha mboga na mchele yaweza kunywesha tuta jioni, na kwamba kumwagilia adhuhuri ni kulisha jua.

Jambo kubwa lilikuwa uchaguzi wa mboga. Kaloleni ilikaliwa na watu wa makabila mengi, na wengi wao walitoka magharibi ya Kenya, nchi za Waluo na Waluhya. Mbegu zao za kwanza hazikutoka dukani. Zilikuja kwa gari la moshi na baadaye kwa basi, zimefungwa katika pindo la leso au katika kijikaratasi: mgagani, ambao Waluo huuita dek na Waluhya tsisaga, mnavu, ambao Waluo huuita osuga na Wakikuyu managu, mrenda, ambao Waluo huuita apoth, na pamoja na hizo kunde na mchicha. Wakubwa wa kilimo wa siku hizo waliziita nyingi kati ya hizo magugu. Lakini mchicha waweza kung'olewa na kuliwa majuma matatu au manne baada ya kupandwa, na majani ya kunde hayakawii zaidi ya hapo sana. Mgagani na mchicha, tena, ni katika jamii ya mimea yenye namna ya pekee ya kuutumia mwanga wa jua, ambayo huiwezesha kukua upesi katika joto kali kwa maji machache kuliko yale yatakayo kabeji. Bibi aliyezibeba mbegu hizo katika leso yake hakuisoma sayansi hiyo katika kitabu. Aliijua kwa kuona, naye alikuwa sahihi.

Hapo ndipo misimu ile miwili inapokutana. Hindi husimama miezi minne au zaidi, refu kuliko mtu, na kila askari wa Halmashauri apitaye hulitazama. Mchicha umelala chini, haumfichi mwizi, haumsumbui mkaguzi, na kabla amri haijapita toka ofisini mpaka mtaani umekwisha kupikwa. Mkulima aliyepanda mboga za majuma matatu alikuwa ameushinda ukame na panga kwa shauri moja.

Sukuma wiki ni habari nyingine. Ni jamaa ya kabeji, asili yake ni nchi za Bahari ya Kati, na ilifika huku pamoja na Wazungu. Jina lake, hata hivyo, ni la mjini kabisa: ni chakula cha kulisukuma juma mpaka siku ya mshahara. Faida yake ni kwamba hukatwa jani moja moja kutoka chini, huku kilele kikiendelea kuota, na mmea ule ule waweza kuvunwa miezi mingi. Ubaridi wa Julai, ambao huwadumaza mchicha na mgagani, hauidhuru sana. Basi mwenye bustani mwerevu hupanda mboga za haraka kwa ajili ya mvua, na mistari miwili ya sukuma wiki kwa ajili ya miezi ya mawingu.

Sasa turudi kwenye msimu wa serikali. Hali ya hatari ilitangazwa mwezi wa Oktoba 1952, wakati ambapo mvua ya vuli huanza. Mwaka 1954, alfajiri ya Aprili 24, majeshi yaliizingira Nairobi katika kile kilichoitwa Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu walikamatwa, wakachujwa, na wengi wakapelekwa vizuizini au kurudishwa vijijini kwa nguvu. Mitaa ya mashariki ndiyo iliyosombwa zaidi. Wanahistoria huhesabu watu, na ndivyo inavyopasa. Lakini tazama kalenda ya mkulima: Aprili 24 ni katikati ya masika. Mboga iliyoatikwa mwishoni mwa Machi ilikuwa ndiyo kwanza inachumwa. Aliyechukuliwa asubuhi ile aliacha tuta lililokuwa tayari, na hata yule jirani aliyebaki alikuwa na njaa ya namna yake, maana wengi wa wanawake walioleta mboga mjini toka Kiambu walikuwa wa makabila yale yale yaliyozuiliwa njia.

Uhuru ulikuja mwaka 1963. Amri za kuwazuia Waafrika kuingia mjini zilitoweka, na watu walimiminika kutoka kila wilaya. Ungedhani kwamba fikira ile ya mfanyakazi kuwa mgeni ilikufa siku bendera iliposhushwa. Haikufa upesi hivyo. Halmashauri mpya zilirithi sheria ndogo za zamani pamoja na mapanga yake, na askari wao, ambao watu wa Nairobi huwaita kanjo, waliendelea kufyeka mashamba kandokando ya reli, mito, na barabara. Wakati huohuo idadi ya walimaji ilizidi. Mwaka 1985 taasisi moja ya Nairobi, Mazingira Institute, ilichunguza miji kadhaa ya Kenya, ikaona kwamba karibu kaya 29 katika kila 100 zililima chakula ndani ya mji zilimokaa. Walimaji wengi walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mavuno iliishia katika sufuria za nyumbani. Sheria ilikataza jambo ambalo zaidi ya robo ya watu wa mijini walilifanya. Ndiyo kusema sheria ilikuwa imekwisha kushindwa, ila haikuwa imeambiwa.

Mboga zile zilizoitwa magugu nazo zilipata watetezi. Miongoni mwao ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ambaye alifanya utafiti mrefu juu ya mnavu, mgagani na wenzao, akaonyesha wingi wa madini na vitamini zilizomo. Na mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunukia tuzo ya sayansi. Siku hizi mboga hizo huuzwa hata katika maduka makubwa, kwa bei ambayo wabebaji wa leso wa kwanza wangeishangaa.

Misukosuko nayo ilifundisha. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, njia zilifungwa na masoko yakakosa vitu, na mwaka 2008 shirika la Kifaransa Solidarités lilianza kuwafundisha watu wa Kibera kulima mboga katika magunia yaliyojazwa udongo, yenye mawe katikati ya kupitishia maji. Gunia moja halichukui nafasi zaidi ya kiti, nalo lina faida ya kumwepusha mkulima na udongo wa hapo chini, mzuri au mbaya. Ni lazima niseme jambo hapa bila kuficha: si kila ardhi ya mjini yafaa mboga. Mito ya Nairobi imebeba taka za viwanda kwa muda mrefu, na uchunguzi umeonyesha risasi na metali nyingine nzito katika mboga zilizomwagiliwa kwa maji machafu au kulimwa kando ya barabara kuu. Aliyekataza kulima kwa hofu ya mbu alikosea. Atakayekataza kumwagilia kwa maji ya taka atakuwa na haki.

Sheria yenyewe iligeuka mwishowe. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, ilimpa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Na mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia na kazi zikapungua, Wizara ya Kilimo ilitangaza mpango wa bustani milioni moja za jikoni. Yaani serikali ilikuwa ikiwasihi watu wafanye lile ambalo bibi zao walifukuzwa kwa kulifanya.

Lakini sheria ilipomkubali mlimaji wa Kaloleni, nafasi ilikuwa imempungukia. Nyumba bado ni mali ya Kaunti, na wakazi ni wapangaji, hata wale ambao babu zao waliingia vigae vikiwa vipya. Jamaa zilipoongezeka, wengi walijenga vyumba vya mabati nyuma na kando ya nyumba za mawe, ama kwa watoto wao waliooa, ama kwa kupangisha. Chumba cha mabati huleta fedha kila mwezi, nalo tuta huleta mboga. Si vigumu kujua kipi humshinda mwenzake panapokosekana vyote viwili. Juu ya hayo, kwa miaka mingi sasa kumekuwa na mipango ya kuibomoa mitaa ya zamani ya Nairobi mashariki na kusimamisha maghorofa mahali pake. Mipango hiyo huhesabu nyumba, vyumba, na jamaa zitakazohamishwa. Katika mazungumzo ya fidia sijasikia mtu akitaja udongo uliopikwa miaka thelathini, wala sijui ungekadiriwa kwa kipimo gani.

Hata hivyo, ukipita Kaloleni mwishoni mwa Septemba, kabla ya vuli, tazama vizuri kati ya ukuta wa mawe na ukuta wa mabati. Mahali pengi utakuta kipande cha ardhi kisichozidi urefu wa mlango, kimechimbwa na kufunikwa majani, na kando yake karai lililotobolewa, lenye miche ya sukuma wiki yenye majani manne, ikingoja mvua.